Nyufa Nilizochora Nyumbani kwa Mama Cheptoo

Nianze na lile la kijinga kabla mwingine hajaniwahi kulisimulia: nilichora nyufa kwa penseli kwenye ukuta ambao haukuwa na ufa hata mmoja. Nilizichora kwa uangalifu. Pale ambapo penseli haikuonekana vizuri, nilikwaruza kwa msumari. Na aliyekuwa ameupiga plasta ukuta huo ni mama yangu mzazi.

Kwa hivyo nimestaafu. Nina miaka kumi na saba, niko Kidato cha Tatu, na nimeitumikia sekta ya ujenzi kwa likizo tatu nzima. Hamtasikia habari za kupandishwa cheo, kwa sababu niliingia nikiwa mtu wa mkono, yaani msaidizi wa fundi, na nikatoka nikiwa mtu wa mkono. Habari za mshahara pia hazipo. Bosi wangu alikuwa mama yangu, na kila nilipouliza aliniuliza jana nilikula kwa nani. Nawaandikia ninyi mnaoingia mjengo likizo ijayo, hasa wewe binamu yangu Simiyu, ambaye nasikia umeshaazima viatu vya gambuti ilhali hujui simiti inaliwa au inavaliwa.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Disemba, kwenye nyumba moja nje kidogo ya mji. Mama yangu ni fundi wa plasta. Anaitwa Fundi Nekesa, na kwa miaka mingi maforomani walikuwa wakimwita mwishoni, nyumba ikishasimama, wakisema mwanamke ana mkono wa kusafisha. Maana yake ni kwamba kuta wamezipinda wao, sasa wanatafuta wa kuzinyoosha. Njiani aliniambia sheria moja tu: "Huko mimi si mama yako. Mimi ni Fundi." Nikasema sawa, Mum. Muda mfupi baadaye mchanga uliniingia jichoni, nikaita "Mum" kwa sauti iliyowafikia wapiga bati juu ya paa, na wote kwa pamoja wakaitika.

Aliyeendelea kucheka hadi saa ya chai ni Njoro. Njoro ni mtu wa mkono wa mama tangu zamani, jamaa wa makamo aliyezaliwa hapa hapa Eldoret na wazazi waliotoka upande wa kati kuja kulima. Alinipa kikombe na kunifariji. "Usijali, kijana. Hata mimi siku ya kwanza nililia. Lakini mimi nilikuwa nimeangukiwa na jiwe."

Kifaa cha kwanza nilichokabidhiwa ni ndoo. Msicheke, ndoo ndiyo kazi yenyewe. Mafundi wengine hupima mchanga kwa sepetu: tatu, nne, tia simiti, twende. Mama hataki hata kusikia. Anasema sepetu ya asubuhi imejaa na sepetu ya jioni imechoka, na ukuta hauna haja ya kujua ulichanganyiwa saa ngapi. Kwake ni ndoo moja, ile ile, imejazwa hadi mdomoni na kukatwa juu kwa kipande cha ubao. Nne za mchanga uliochekechwa, moja ya simiti. Mimi nilijaza yangu hadi ikatoa kilele kama Mlima Elgon, nikidhani hiyo ndiyo bidii. Njoro akasimama akaitazama.

"Hiyo ni kipimo ama ni zawadi?"

Nilimwaga nikaanza upya. Baadaye nilimuuliza mama kama kweli mchanga kidogo unaweza kuharibu nyumba. Alikuwa anasawazisha kona na hakugeuka. Alisema mtu yeyote anaweza kupiga ukuta mmoja mzuri, hata kwa bahati. Kazi ni ukuta wa pili, ufanane na wa kwanza. Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Nina kipaji hicho, hata walimu wangu wanakijua.

Aprili nilifundishwa baridi. Nilijiona mtaalamu tayari, kwa sababu nimezaliwa ndani yake na kila asubuhi ya shule naoga nikipiga kelele. Lakini kumbe baridi ya mtu na baridi ya ukuta ni vitu viwili. Ukuta wa mawe huku kwetu hulala na baridi hadi asubuhi inakwisha. Ukiupaka plasta mapema, tabaka la nje linashika na la ndani bado limelala, halafu yanaachana. Kwa hivyo mama hupiga chai mbili kabla ya kugusa mwiko, anangoja jua lifike ukutani, anaweka kiganja na kusikiliza kama daktari. Mchana ukishainama anasimamisha kazi, hata kama imebaki sehemu ya kufunika kwa kofia. Plasta mpya inafunikwa kwa magunia usiku isipigwe na ule upepo wa kutoka Ainabkoi, na mchana inamwagiliwa maji kidogo.

"Maji tena?" niliuliza. "Si tunataka ikauke?"

"Plasta haikauki," mama alisema. "Nguo ndiyo inakauka. Plasta inashika. Ukiinyang'anya maji kabla haijashika, umeiua."

Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu yote mawili. Nayaweka hapa ili mjue kwamba baadaye sikuwa na kisingizio.

Sasa tufike Agosti, mwezi wa kuanguka kwangu. Mzee Koros, mkulima wa upande wa Moiben, tangu Aprili alikuwa amempa mama kazi ya nyumba mbili. Si plasta pekee: nyumba nzima, kutoka msingi hadi paa, na mama ndiye fundi mkuu. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Hakukuwa na foromani wa kumwita dada. Mzee alimwambia mbele yetu, akiegemea lango la ng'ombe: "Nikiona hizi mbili ni sawa, zile za vijana wangu watatu pia ni zako. Nikiona si sawa, nitatafuta mtu mwingine, na hatutakosana." Mama aliitikia kwa upole, lakini jioni hiyo nyumbani alitia chumvi kwenye chai, akainywa, na hakugundua.

Neno la kuangaliwa hapo ni *sawa*. Mzee Koros ana wake wawili, na kila nyumba ilikuwa ya mmoja. Mama Kipruto, mke mkubwa, ni mpole na mzito wa maneno. Mama Cheptoo, mke mdogo, ni mwembamba na haachi kitu kipite. Mpaka wakati huo waliishi katika nyumba mbili za mbao zilizoingiza upepo kila upande. Walipendana, hilo lazima niseme, walikopeshana majani ya chai na kusukana nywele. Ila mapenzi yao yalikuwa na vipimo. Mmoja akiongezewa dirisha kwa upana wa kidole, mwenzake angeona akiwa amefumba macho. Na walikuwa na utaratibu wao wa ukaguzi: hakuna aliyekagua nyumba yake. Mama Kipruto aliikagua ya Mama Cheptoo, na Mama Cheptoo aliikagua ya Mama Kipruto, kila mmoja na kijiko cha chakula mkononi. Walipita wakigonga plasta. Iliyoshika vizuri hujibu kwa sauti fupi, ngumu. Iliyoachana na jiwe hujibu kama kibuyu.

"Mwenye nyumba anaweza kujidanganya," Mama Kipruto alinieleza. "Lakini mimi siwezi danganywa na nyumba ya mwenzangu."

Mama alizijenga nyumba hizo kama mtu anayenyoa watoto mapacha. Mchanga wa lori moja uligawanywa mafungu mawili. Kilichofanywa hapa asubuhi kilifanywa pale asubuhi iliyofuata. Mambo yalikwenda hivyo mpaka chumba cha kulala, chumba cha mwisho. Cha Mama Cheptoo kilipigwa plasta katika siku zile chache ambazo jua lilitukumbuka. Kikashika vizuri, kikawa na ile rangi ya majivu baridi. Siku tuliyomaliza cha Mama Kipruto, wingu lilishuka likakaa juu ya shamba kama ng'ombe aliyelala. Manyunyu, ukungu, upepo. Na Jumapili iliyokuwa inakuja, kanisa lao lote lilikuwa limealikwa kwa ibada ya kufungua nyumba zote mbili.

Hapo ndipo habari ilipokuja kwamba shangazi wa mama amefariki kule Moi's Bridge. Mama alilazimika kwenda mazikoni. Njoro akapewa mapumziko, na mimi nikapewa ufunguo.

"Magunia usiku," mama alisema akifunga leso. "Maji kidogo mchana. Hakuna kitu kingine."

"Sawa, Fundi."

"Rudia."

"Magunia usiku, maji kidogo mchana."

"Na kitu kingine?"

"Hakuna."

Akanitazama kwa muda, kama mtu anayetazama gari la mtumba, kisha akaenda.

Kesho yake niligusa ukuta wa Mama Kipruto, kidole kikaacha alama. Nikaenda nyumba ya pili, nikagusa wa Mama Cheptoo. Jiwe. Nikahesabu siku hadi Jumapili kichwani na kuona aibu inayomngoja mama: kanisa limejaa, nyumba moja kavu, nyingine tope, na Mzee Koros anatafuta fundi mwingine bila kukosana. Niliamua kuokoa kazi yake. Naomba mzingatie kwamba nia ilikuwa safi. Kila nilipoharibu kitu maishani nia ilikuwa safi, hadi nimeanza kuiogopa nia.

Wazo lilitoka kwa vifaranga. Mama Kipruto alikuwa akifuga vifaranga katika stoo, na kama kila mtu huku kwetu, aliwawashia majiko ya makaa wasife kwa baridi. Niliwaona wamekusanyika, wamefumba macho, wamenona. Nikajiambia: ukuta mchanga na kifaranga, tofauti iko wapi? Vyote ni vichanga, vyote vinaogopa upepo. Nikamwomba Mama Kipruto jiko moja la akiba.

"La nini?"

"La Fundi."

Hakuuliza tena, kwa sababu jina la Fundi lilikuwa na heshima katika boma lile. Jioni niliwasha jiko likawa jekundu, nikaliweka karibu na ukuta. Kisha, ili joto lisitoroke, nilichukua magunia yaliyokusudiwa kufunika plasta nikazibia madirisha. Nikafunga mlango nikaenda nyumbani nikiwa nimejawa na fahari ya mtu anayefikiria nje ya vitabu. Njoro aliniambia baadaye kwamba jambo pekee la akili nililofanya ni kutolala humo ndani, kwa sababu moshi wa makaa katika chumba kilichozibwa haukuamshi tena.

Asubuhi nilifungua mlango. Ukuta ulikuwa umekauka, ndiyo. Ulikuwa umekauka kama bwawa la Januari. Nyufa zilianzia juu ya jiko, zikapanda, zikagawanyika, zikazaa watoto na wajukuu hadi karibu na dari. Chini kulikuwa na duara jeusi la moshi. Niligonga kwa kidole, ukanijibu kama kibuyu.

Mtu mwenye akili angempigia mama simu. Mimi nilikaa juu ya ndoo nikafikiri, na hapa ndipo ninapowaomba mnifuate polepole, kwa sababu kwa wakati ule ilionekana ni hoja nzuri sana. Mzee hakusema anataka nyumba nzuri. Alisema anataka nyumba sawa. Shida basi haikuwa kwamba Mama Kipruto alikuwa na nyufa. Shida ilikuwa kwamba Mama Cheptoo hakuwa nazo.

Kwanza nilihamisha jiko hadi nyumba ya Mama Cheptoo na kulielekeza kwenye ukuta. Nilichochea, nilipepea, nilibembeleza. Ukuta ule ulishashika zamani na haukuwa na habari nami. Ndipo nikachukua penseli ya seremala kutoka kwenye sanduku la mama. Nilipiga picha ya nyufa kwa simu, nikachora miraba kwenye ukuta mzuri kama tunavyofanya na ramani katika Jiografia, na nikaanza kuhamisha ufa baada ya ufa. Nilianza na mkuu, ule uliofanana na Mto Nzoia. Kusema kweli nilikuwa na mkono mzuri. Nilikuwa nimefika kwenye matawi madogo, napiga mbinja, na ndiyo sababu sikusikia mlango.

"Wafula."

Sikugeuka mara moja. "Fundi."

"Unafanya nini?"

"Kazi."

"Kazi gani?"

"Ya kumalizia."

Mama alikuwa bado na leso ya mazikoni begani na matope ya Moi's Bridge kwenye viatu. Alisogea hadi karibu na ukuta, akapitisha kidole juu ya Mto Nzoia.

"Hii ni nini?"

"Ni ufa."

"Umetoka wapi?"

"Kwa ile nyumba ingine."

"Umetoka kwa ile nyumba ingine ukakuja hapa."

"Ndiyo, Fundi."

"Kwa miguu."

Alitoka. Nilimsikia akivuka uwanja, nikasikia mlango wa pili. Nilipomfuata nilimkuta amekaa juu ya ile ndoo niliyokuwa nimeikalia mimi, anatazama ukuta. Hakuwa na hasira, au alikuwa nayo mbali. Alikuwa na uso wa mtu aliyebeba maji kutoka mtoni hadi mlangoni na akajikwaa kizingitini. Hapo ndipo nilipoacha kujiona mjanja. Nilitamani anichape, tumalize.

Njoro alikuja saa ya chai, akaona nyumba ya kwanza, akaona ya pili, akarudi ameshika kofia. "Si hata ungeweka na maua," aliniambia. Kisha akamgeukia mama kwa sauti ya chini. "Fundi, hii tunaweza ziba. Tupige maji ya simiti, tupake rangi, Jumapili ipite. Hakuna mtu atajua."

"Rangi itaficha macho," mama alisema. "Kijiko je?"

"Basi tuzibe hii moja. Ile ya penseli tuoshe."

"Amekwaruza na msumari. Tukiziba, kutakuwa na viraka huku na viraka kule, na kila kiraka na rangi yake." Aliinuka akipangusa sketi. "Zote mbili zinashuka. Ukuta mzima huku, ukuta mzima kule. Siku moja, mchanga mmoja, ndoo moja."

Njoro alifungua mdomo kusema kwamba ukuta wa Mama Cheptoo ulikuwa mzima chini ya mikwaruzo, kisha akaufunga. Hata mimi nilielewa, na safari hii sikuwa naigiza. Plasta ya siku za jua na plasta ya siku za ukungu hazingefanana tena.

Lakini kabla ya nyundo, aliniambia nioshe uso tuende kwa wenyewe. Tuliwakuta wote watatu jikoni kwa Mama Kipruto, Mzee akinywa maziwa lala, wake zake wakimenya viazi. Mama hakuzunguka. Alisema chumba cha Mama Kipruto kimeharibika, na cha Mama Cheptoo pia, kwamba vyote vitarudiwa, na kwamba Jumapili kuta hizo hazitakuwa tayari. Hakunitaja. Nikajitaja mwenyewe, kwa sababu jiko la vifaranga lilikuwa bado chumbani kwa Mama Cheptoo na moshi wake ulijulikana.

Mama Cheptoo akaweka kisu chini. "Ngoja. Huyu alichora nyufa za mwenzangu kwa nyumba yangu?"

"Ndiyo, Mama."

"Zote?"

"Nilikuwa sijamaliza."

Waliondoka wote wawili kwenda kuona, bila kungoja mtu. Tuliwakuta chumbani kwa Mama Cheptoo, wamesimama mbele ya ukuta na simu niliyokuwa nimeiacha pale mkononi, wanalinganisha.

"Hapa kwa kona ameruka moja," Mama Kipruto alisema.

"Na hii yangu ni fupi," Mama Cheptoo alisema. "Yako imefika mpaka juu."

"Alikuwa ataongeza."

"Labda. Lakini saa hii ni fupi."

Sikujua kama wananicheka au wananilalamikia, na hadi leo sijui. Mzee Koros alikuwa amebaki mlangoni. Hakucheka hata kidogo.

"Na nyumba za vijana?" alimuuliza mama.

"Usiamue sasa, Mzee. Utaamua ukisikia kijiko."

Tulibomoa kwa nyundo na tindo hadi mikono yangu ikakosa hisia. Plasta ya Mama Kipruto ilianguka vipande vizima, bila ubishi. Ya Mama Cheptoo iligoma. Kila kipande kilitaka kupigwa, na kila pigo lilinikumbusha kwamba nilikuwa nang'oa kazi nzuri. Jumamosi wingu lilipasuka, jua likafika ukutani. Mama aliweka kiganja kwenye jiwe, akangoja, akaweka tena, kisha akasema, "Sasa." Njoro alichekecha, mimi nilipima. Ndoo hadi mdomoni, ikakatwa kwa ubao. Sijawahi kukata ndoo namna hiyo.

Ukuta wa Mama Cheptoo uliisha kabla ya mchana. Kwa Mama Kipruto, tukiwa tumebakiza kipande chini ya dirisha, ukungu ukaanza kupanda kutoka bondeni. Mama alikuwa juu ya kiunzi akimalizia kona ya dari. Alitazama nje, akatazama chini, akanitupia mwiko wa akiba. "Piga hapo. Kama unavyoniona nikipiga."

Nikapiga. Nilirusha, nikavuta rula ya ubao kusawazisha, nikajaza mashimo, nikavuta tena. Nilitokwa na jasho kwenye baridi ile. Nilipomaliza aliniambia nikaoshe karai, na nilipochungulia kutoka nje nilimwona amepiga magoti pale pale chini ya dirisha, mwiko mkononi. Sikushangaa. Nilikuwa nimempa kitu cha kuanzia, basi.

Jumapili kanisa lilikuja likaimba. Magunia yalining'inia kwenye kuta mbili za vyumba vya kulala kama mapazia ya maskini. Mchungaji alipofika kwa Mama Kipruto alinyanyua mkono ili auweke ukutani na kuubariki.

"Mchungaji," mama alisema, "hapo usiguse."

Akaubariki kwa mbali. Naamini ilifika.

Likizo yote iliyobaki nilikuwa yaya wa kuta mbili. Magunia jioni, maji kidogo mchana. Hakuna kitu kingine. Mama Cheptoo alipita kila asubuhi kuuliza kama leo nina mpango wa kuchora, na nilijibu kwamba nangoja msukumo. Mama Kipruto alifunga stoo ya vifaranga kwa kufuli.

Siku chache kabla ya shule kufunguliwa, Mzee alisema kuta zisikilizwe. Tulisimama uwanjani, mimi, mama na Njoro, tukiwa na Mzee. Wake zake walibadilishana nyumba, kila mmoja na kijiko. Madirisha yalikuwa wazi, kwa hivyo tulisikia yote. Mama Kipruto aligonga haraka, kama mtu anayepasua mayai. Mama Cheptoo aligonga polepole, akasikiliza, akagonga tena, akashuka hadi chini. Mama alikuwa anakwangua simiti kavu kwenye ukucha wake na hakuinua kichwa hata mara moja.

Mama Cheptoo ndiye aliyetoka wa kwanza. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyenyimwa kitu.

"Yake ni kama yangu," alisema.

Mama Kipruto akatoka upande wa pili. "Na yake ni kama yangu."

Mzee Koros akatikisa kichwa mara kadhaa, taratibu. "Basi Fundi, nyumba za vijana ni zako." Njoro alivua kofia akaivaa tena. Kisha Mzee akanielekezea fimbo. "Lakini huyu sitaki kumuona huku."

"Shule inafunguliwa Jumatatu, Mzee," mama alisema.

"Hata ikifungwa."

Hivyo ndivyo nilivyostaafu, kwa manufaa ya umma kama wanavyosema redioni. Sikupewa saa ya ukutani wala hotuba. Njoro alinipa mkono na kusema kwamba kazini watanikosa, hasa vifaranga.

Wewe Simiyu, na wengine mnaokuja, mambo ni machache. Usimwite bosi wako Mum hata kama ni mamako. Kata ndoo juu kwa ubao kila mara, hata wakati hakuna anayekutazama, kwa sababu ukuta unakutazama. Usiionee huruma simiti, si kiumbe. Na ukiharibu, haribu mahali pamoja, usambazaji si suluhisho. Hayo yangeniokoa mimi. Ninyi sijui.

Jioni hiyo tulirudi nyumbani. Mama alivua gambuti, akachemsha chai, akanimiminia kikombe, akakaa. Nilikuwa natafuta namna ya kuomba msamaha isiyokuwa na utani ndani yake, nikakosa. Nikamwambia tu kwamba ni bahati alikirudia kile kipande changu cha chini ya dirisha, maana Mama Cheptoo alishusha kijiko hadi pale.

Mama alipuliza chai yake. Akasema, "Sikukirudia. Nilipiga magoti nikakiangalia nikaona hakina shida. Alipogonga hapo, aligonga kazi yako. Sasa maliza chai uende ukasome."